Kanali Sanders: Mpishi wa kando ya barabara aliyeuza jina lake akabaki na ulimi

MSAFIRI atokaye Nairobi kuelekea Garissa husafiri takriban kilomita 370, na sehemu kubwa ya safari hiyo ni nyika kavu, jua kali na mbuzi wanaovuka barabara bila haraka. Akishapita Madogo na kuvuka daraja la Mto Tana, swali lake la kwanza huwa ni moja: leo nyama imeiva vyema katika hoteli gani?

Hoteli hizo hazihitaji matangazo. Mteja huketi, akaletewa sinia la wali na nyama ya mbuzi au ya ngamia, ndizi mbivu kando yake, pilipili ya kusaga, na hatimaye chai ya viungo iliyotiwa maziwa ya ngamia. Mwenye hoteli huwa papo hapo karibu na sanduku la pesa, akiwasalimu madereva wa malori ya mifugo kwa majina yao na kumkemea kijana aliyeleta wali uliopoa.

Katika miaka ya karibuni mapishi haya yamevuka mto. Mtaa wa Eastleigh jijini Nairobi umejaa mikahawa ya Kisomali, na mingine imefika hadi katikati ya jiji. Wafanyabiashara wa Garissa, Wajir na Mandera nao wanakabiliwa na swali ambalo halina jibu jepesi: je, hoteli inayopendwa ikizaa matawi kumi, chakula kitabaki kilekile?

Swali hilo lilijibiwa, kwa faida kubwa na kwa machungu makubwa, na maisha ya mtu mmoja aliyefariki zaidi ya miaka 40 iliyopita. Sura yake, yenye ndevu nyeupe, miwani na tai nyembamba nyeusi, inajulikana na watoto wa miji mingi duniani, Nairobi ikiwemo. Huyo ni Harland David Sanders, almaarufu Kanali Sanders, aliyeanzisha KFC.

Wengi hudhani ni katuni iliyobuniwa na wenye matangazo. La hasha. Alikuwa mja wa kweli, mpishi wa kweli, na kabla ya jina lake kuenea alikuwa na hoteli moja tu kando ya barabara kuu, mfano wa hizi za Garissa.

YATIMA ALIYEJUA KUPIKA

Sanders alizaliwa Septemba 9, 1890, karibu na kijiji cha Henryville katika jimbo la Indiana, Marekani. Babake alifariki mwaka wa 1895. Mamake alilazimika kwenda kufanya kazi ya kibarua katika kiwanda cha kusindika nyanya, na mtoto huyo akaachiwa nduguze wawili wadogo. Kufikia umri wa miaka saba alikuwa tayari anajua kupika mkate na mboga.

Shule aliiacha mapema. Akiwa na umri wa miaka 13 aliondoka nyumbani kwenda kujitafutia riziki, na mwaka wa 1906 aliudanganya umri wake ili ajiunge na jeshi, ambako alipelekwa Cuba kuhudumia nyumbu.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kuhangaika. Alikuwa mtia makaa katika gari moshi. Alisomea sheria kwa njia ya posta na akawa akiwatetea watu mahakamani katika jimbo la Arkansas, hadi alipopigana na mteja wake mwenyewe ndani ya mahakama na kazi hiyo ikaishia hapo. Aliuza bima, akaanzisha kampuni ya feri kwenye Mto Ohio, akauza matairi ya magari. Alikuwa mwepesi wa hasira na mwepesi wa kuanza upya.

Mdororo mkuu wa uchumi ulipoikumba Marekani, kituo cha mafuta alichokuwa akikisimamia katika mji wa Nicholasville kilifungwa. Mwaka wa 1930 kampuni ya Shell ikampa kingine huko North Corbin, jimbo la Kentucky, bila kodi, mradi ailipe sehemu ya mauzo. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 40 na hakuwa na cha kujivunia.

MEZA YA NYUMBANI

Kituo hicho kilikuwa kwenye barabara kuu iliyowapeleka wasafiri kutoka majimbo ya kaskazini hadi Florida. Madereva waliosimama kujaza mafuta walikuwa na njaa. Sanders akaichukua meza yake ya kulia, akaiweka katika chumba kidogo cha kituo na kuanza kuwauzia chakula kilekile alichoilisha familia yake: nyama ya nguruwe iliyokaushwa, kuku wa kukaanga, maharagwe, mikate midogo ya moto na mchuzi mzito.

Ushindani wa barabarani haukuwa wa mchezo. Mwaka wa 1931 mzozo na mwenye kituo jirani, aliyekuwa akikipaka rangi kibao cha Sanders ili wateja wasikione, uliishia kwa risasi. Meneja mmoja wa Shell aliuawa, naye Sanders akamjeruhi mshindani huyo kwa bunduki.

Chema chajiuza. Sifa za meza ile zilienea kiasi kwamba mwaka wa 1935 gavana wa Kentucky, Ruby Laffoon, alimtunukia cheo cha heshima cha Kanali. Hakikuwa cheo cha kijeshi, bali alama ya shukrani ya jimbo. Mwaka wa 1939 hoteli yake iliingizwa katika kitabu cha Duncan Hines, mwandishi aliyewaelekeza Wamarekani mahali pa kula wawapo safarini.

Mwishoni mwa mwaka huo hoteli iliteketea. Akaijenga upya, safari hii ikiwa na viti 140 na vyumba vya kulala wageni.

Hapo ndipo alipokumbana na tatizo linalofahamika na kila mwenye hoteli ya barabarani. Kuku wa kukaanga katika kikaangio cha chuma alichukua nusu saa kuiva, na msafiri hana nusu saa. Akimpika mapema, kuku hupoa na kupoteza ladha. Akimkaanga ndani ya mafuta mengi, huiva haraka lakini huwa mkavu.

Suluhisho lilikuja na chombo kipya sokoni, sufuria ya presha, ambayo ilikusudiwa kupikia mboga. Sanders aliifanyia majaribio, akaibadilisha, hadi ikaweza kukaanga kuku kwa chini ya dakika 10 huku nyama ikibaki laini. Kufikia 1940 alikuwa pia amekamilisha mchanganyiko wake wa viungo na majani 11.

Kwa hivyo Sanders hakuwa adui wa haraka. Alitafuta haraka ambayo haikuiba ladha. Jambo hili ni muhimu kulikumbuka, kwa sababu ugomvi wake wa baadaye ulihusu mpaka huohuo.

BARABARA ILIPOHAMA

Mwaka wa 1952 Sanders alimtembelea rafiki yake Pete Harman, mwenye mkahawa katika jiji la Salt Lake City, jimbo la Utah. Akaingia jikoni na kumpikia. Harman alikipenda chakula hicho, akakitia katika orodha yake, na mauzo yake yakapanda sana. Mchoraji wa kibao aliyeajiriwa na Harman ndiye aliyelibuni jina la Kentucky Fried Chicken. Hili lilikuwa tawi la kwanza, na lilizaliwa kwa urafiki na kupeana mkono.

Huko nyumbani, kiasi cha mwaka wa 1953, Sanders alikataa dola 164,000 alizoahidiwa kwa hoteli yake. Aliamini kwamba ingemtunza hadi uzeeni.

Kisha barabara ikahama. Serikali ilipanga barabara kuu mpya iliyoupita mji wa Corbin kwa mbali. Wateja waliokuwa wakisimama mlangoni pake wangepita kilomita kadhaa kutoka hapo bila hata kukiona kibao chake. Mwaka wa 1956 aliiuza hoteli kwa mnada kwa dola 75,000, na alipokwisha kulipa madeni na ushuru alibaki karibu mikono mitupu. Alikuwa na umri wa miaka 66 na malipo ya uzeeni ya dola 105 kwa mwezi.

Wakazi wa Garissa hawahitaji kuelezwa uzito wa jambo hili. Mafuriko ya mwishoni mwa mwaka wa 2023 yalipoikata barabara karibu na Madogo, mji ulitengwa na Nairobi na biashara ikazorota. Maji hupungua, lakini lami mpya haiondoki. Mradi wa barabara ya Isiolo, Modogashe, Wajir, Elwak hadi Mandera unampa msafiri wa kaskazini njia ya kufika Nairobi bila kuuona Mto Tana. Kwa upande mwingine, barabara ya kutoka Lamu kupitia Ijara inaweza kuuletea mji wateja wapya. Mwenye hoteli anayetegemea mlango mmoja huwa amemkabidhi mhandisi wa barabara riziki yake.

Hii ndiyo sababu ya haki ya kutaka matawi, na haifai kubezwa. Sanders hakupanua biashara yake kwa uroho. Aliipanua kwa sababu mlango wake mmoja ulikuwa umefungwa na wengine.

SUFURIA KATIKA GARI

Mzee huyo alipakia sufuria zake za presha na mifuko ya viungo katika gari, akaanza kuzunguka mkahawa baada ya mkahawa. Usiku mwingine alilala humohumo garini. Alipofika alimwomba mwenye mkahawa ruhusa ya kuwapikia wafanyakazi wake. Wakipendezwa, alibaki siku chache akiwapikia wateja. Masharti yalikuwa mepesi: mkahawa ungenunua viungo vyake na kumlipa senti nne, baadaye tano, kwa kila kuku aliyeuzwa.

Mkewe wa pili, Claudia, ndiye aliyechanganya viungo nyumbani, akavipima, akavifunga na kuvisafirisha kwa gari moshi. Biashara iliyokuja kuenea duniani ilikuwa ikiendeshwa na wazee wawili.

Tuutazame vizuri mpango huu, kwa kuwa ndio uliofaulu. Kila mwenye tawi alikuwa mtu mwenye jiko lake, aliyeionja kazi ya Sanders kwa ulimi wake na kufundishwa naye ana kwa ana. Sanders aliweza kurejea bila taarifa. Alipokuta kazi mbovu alifoka, na inasimuliwa kwamba hakusita kukimwaga chakula kilichomwaibisha.

Wafanyabiashara wa Kaskazini Mashariki wana utaratibu wa aina hii. Duka au hoteli ya pili mara nyingi hupewa mpwa, binamu au shemeji aliyelelewa ndani ya ile ya kwanza. Watu wa nje huweza kuuona kuwa upendeleo wa ukoo. Jikoni, hata hivyo, huo ni ukaguzi wa ubora. Kijana aliyekaa miaka mitano akitazama nyama ya ngamia ikichemka anajua kwa harufu jambo ambalo haliandikiki katika mkataba.

SIKU YA KUUZA

Kufikia mwaka wa 1964 kulikuwa na zaidi ya mikahawa 600 iliyouza kuku wa Sanders nchini Marekani na Canada. Mzee wa miaka 73 hakuweza tena kuizungukia yote. Wakaja wanunuzi wawili, John Y. Brown, wakili kijana ambaye baadaye alikuwa gavana wa Kentucky, na tajiri Jack Massey. Walimlipa dola milioni mbili, wakamwahidi mshahara wa maisha, na kumwajiri kuwa sura na sauti ya kampuni. Yeye alijibakizia biashara ya Canada.

Waliopata faida walikuwa wengi, na haki ni kulisema hilo. Wenye matawi wa mwanzo walitajirika. Dave Thomas, kijana aliyetumwa kuiokoa mikahawa iliyokuwa ikididimia katika mji wa Columbus, alipata mtaji na maarifa yaliyomwezesha kuanzisha mikahawa yake ya Wendy's mwaka wa 1969. Msafiri naye, popote alipokiona kile kibao, alijua anachokwenda kula na bei yake.

Lakini chakula kilianza kubadilika, na kilianzia kwenye mchuzi.

Sababu zake ni nyepesi kuelewa. Viungo 11 vinaweza kupimwa kiwandani na kutiwa katika pakiti. Muda wa sufuria ya presha unaweza kuandikwa ukutani. Mchuzi wa Sanders, kinyume na hayo, ulihitaji mpishi mzoefu wa kuonja, kukoroga na kukisia. Mkahawa unaowaajiri vijana leo na kuwapoteza mwezi ujao hauna mpishi wa namna hiyo. Kampuni iliurahisisha mchuzi hadi mtu yeyote akaweza kuutengeneza.

Biashara yenye matawi mengi huchagua chakula kwa kigezo hicho. Kinachoweza kuandikwa kinasalia. Kinachohitaji ulimi wa mtu kinapunguzwa au kinaondolewa, na hakuna anayeitisha mkutano wa kutangaza kwamba ladha imekufa.

Mwaka wa 1971 kampuni iliuzwa tena, kwa Heublein, kwa takriban dola milioni 285. Heublein ilivuma kwa biashara ya pombe kali, ilhali Sanders hakuwa mnywaji. Sura yake ikawa mali ya watu ambao hakuwachagua.

MWAJIRIWA WA JINA LAKE

Miaka yake ya mwisho ndiyo inayofaa kusomwa na kila mwenye hoteli kabla ya kutia saini. Alisafiri maelfu ya kilomita kila mwaka akiwa katika suti yake nyeupe, akiitangaza kampuni. Safarini aliingia jikoni katika matawi, akachota mchuzi kwa kijiko, na mara nyingi akatoka akiwa amekasirika.

Hakuficha maoni yake. Katika mahojiano na gazeti la Louisville katikati ya miaka ya 1970, aliufananisha mchuzi huo na gundi ya kubandikia karatasi ukutani. Mwenye tawi katika mji wa Bowling Green alimshtaki kwa kumharibia jina. Kesi ilifika katika mahakama ya juu ya Kentucky, ambayo mwaka wa 1978 iliitupa kwa msingi kwamba mzee hakuwa amelitaja tawi hilo mahsusi. Mpishi alikuwa ameponea chupuchupu kuadhibiwa kwa kukionja chakula chenye jina lake.

Kabla ya hapo alikuwa ameishtaki Heublein. Yeye na Claudia walikuwa wamefungua mkahawa katika mji wa Shelbyville, wenye meza za kukalia na mapishi ya zamani, nao wakatatizwa kuhusu matumizi ya jina na cheo chake. Wakasuluhishana nje ya mahakama, naye akalipwa dola milioni moja. Mkahawa huo ukabaki na jina la mkewe, Claudia Sanders.

Sanders alifariki mjini Louisville Desemba 16, 1980, akiwa na umri wa miaka 90, akazikwa akiwa amevaa suti yake nyeupe. Wakati huo jina lake lilikuwa kwenye takriban mikahawa 6,000 katika nchi 48.

HADI NAIROBI

Kenya ilipata tawi lake la kwanza mwaka wa 2011, jijini Nairobi. Ndipo mwanzoni mwa mwaka wa 2022 likatokea jambo ambalo Wakenya hawajalisahau: mikahawa hiyo iliishiwa na vibanzi. Meli zilikuwa zimechelewa kutokana na vurugu za usafiri zilizoletwa na janga la Covid, na viazi vilivyotumika vilitoka nje ya nchi.

Wakulima wa Nyandarua, ambako viazi ni riziki ya kila nyumba, walishangaa. Ilielezwa kwamba kila mwuzaji wa bidhaa hizo lazima apitishwe kwanza kulingana na viwango vya kimataifa. Baada ya ghadhabu ya umma, kampuni iliahidi kutafuta viazi vya humu nchini.

Kisa hicho ni kile cha mchuzi kwa sura nyingine. Mtu aliyeanza kwa kupika alichokuwa nacho katika meza ya nyumbani, jina lake sasa lilikuwa haliwezi kukaanga kiazi kilichochimbwa kilomita chache kutoka mlangoni. Hapakuwa na mtu mbaya jikoni. Kilichokuwepo ni utaratibu ulioandikwa mbali, usiojua Nyandarua iko wapi.

Hoteli za Garissa zina mengi ya aina ya mchuzi ule. Maziwa ya ngamia hupata ladha yake kutokana na chombo kilichofukizwa moshi na mikono ya akina mama wanaoyaleta mjini. Nyirinyiri, ile nyama ya ngamia inayokatwa vipande vidogo, ikakaushwa na kuhifadhiwa katika samli, humtegemea anayejua ni lini aiondoe motoni. Vitu hivi havikatai kusafiri. Vinataka vifuatwe na mtu anayevijua.

Maisha ya Sanders hayamshauri mwenye hoteli asifungue tawi. Barabara huhama, na aliyebaki na mlango mmoja huweza kuufunga akiwa mzee. Yanachomfundisha ni kutenganisha mapema yale yanayoandikika na yale yasiyoandikika, na kuyakabidhi haya ya pili kwa watu aliowalea jikoni pake. Matawi yakishawazidi watu hao, anachokipanua ni kibao tu.

Aidha, yamfunze thamani ya jina. Sanders aliuza lake kwa dola milioni mbili, bei ambayo siku hiyo aliiona nzuri. Ulimi wake hakuuza, na kwa miaka 16 iliyobakia aliishi akionja chakula ambacho hakuwa tena na mamlaka ya kukirekebisha.